Uwanja, Maktaba na Ngoma: Mwongozo kwa Mtaa Usiotaka Kusubiri Jengo

Mtaa ukishaamua kwamba vijana wake wanahitaji pa kuchezea na watoto pa kusomea, kitu cha kwanza kuandikwa kwenye barua huwa ni jengo. "Tunaomba kujengewa kituo cha jamii." Barua inapita kwa mtendaji wa kata, inapanda halmashauri, inakaa huko. Wakati huohuo uwanja wa shule ya msingi unapigwa kufuli saa tisa alasiri, ofisi ya serikali ya mtaa ina chumba cha nyuma kilichojaa viti vibovu, na kikundi cha ngoma kinafanya mazoezi kando ya barabara huku bodaboda zikikipigia honi.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtaa au kijiji cha Tanzania chenye vitu vya namna hiyo, na nadhani ni karibu vyote. Msimamo wangu ni kwamba mshughulikie kwanza ardhi, funguo na saa za kufungua. Jengo likija, na likute watu wameshazoea kuja.

Hatua ya kwanza: zungukeni mjionee

Chagueni watu watano au sita: binti anayesoma, mama mwenye genge, mzee anayejua mipaka ya zamani, kijana wa timu, mtu mwenye ulemavu. Tembeeni mtaa mzima mkiwa na daftari, na msitembee mara moja tu. Nendeni siku ya kazi saa kumi na moja jioni, Jumamosi asubuhi, na siku moja usiku baada ya isha. Mtaa uleule hubadilika sura.

Andikeni kila mahali watu wanapokutana kwa hiari yao: kijiwe cha kahawa wanapocheza bao na drafti, kibanda umiza, kichochoro wanachochezea wasichana rede, njia inayopitwa na klabu ya jogging, kanisa lenye kwaya, madrasa yenye kikundi cha kaswida, kibaraza wanaposukia ukili akina mama. Chorea daftari safu nne: mahali, nani huwapo, saa ngapi, na nani mwenye neno la mwisho juu ya hapo mahali. Safu ya nne ndiyo yenye kazi. Mara nyingi mtagundua kwamba uwanja mnaouita "wa mtaa" uko chini ya shule, au ni wa ukoo fulani uliokopesha miaka mingi iliyopita, au hakuna anayejua.

Mkiongea na watu, msiwaulize wanataka nini. Mtajibiwa "uwanja wa kisasa" na "ukumbi mkubwa", maana ndivyo watu wanavyoijibu kamati. Ulizeni: Jumapili iliyopita jioni ulikuwa wapi? Ungependa kuwa wapi? Nini kilikuzuia? Binti atasema alikuwa anachota maji. Kijana atasema uwanja ulikuwa na timu ya wakubwa. Mzee atasema hakuna benchi lenye kivuli. Mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji ukumbi.

Hatua ya pili: wapeni funguo watu wawili

Undeni kamati ndogo chini ya Kamati ya Mtaa, au chini ya Halmashauri ya Kijiji kama mko kijijini. Watu saba wanatosha. Wakizidi tisa, kila kikao kitaanza na kuhesabu wasiofika. Viongozi wa vikundi vilivyopo waingie, ila mwenyekiti asiwe mlezi wa timu kubwa ya mpira. Akiwa ndiye, kila senti itaishia kwenye jezi.

Kila sehemu mtakayoitumia iwe na watu wawili wenye funguo, kutoka nyumba mbili tofauti. Jambo hili linaonekana dogo, lakini huduma nyingi za mitaani hufa kwa sababu mwenye funguo alisafiri kwenda msibani, watu wakakuta mlango umefungwa siku mbili, na siku ya tatu hawakuja.

Kama eneo mnalolitaka ni la shule, nendeni kwa mwalimu mkuu na Kamati ya Shule mkiwa na makubaliano ya ukurasa mmoja mliyoyaandika tayari. Mwalimu mkuu haogopi michezo. Anachoogopa ni kuulizwa na afisa elimu nani amevunja kioo cha darasa la nne. Basi ukurasa huo useme siku na saa za kutumia eneo, nani anafagia kabla ya kufunga, kioo kikivunjika nani analipa na ndani ya siku ngapi, na vipindi ambavyo eneo halitumiki. Darasa la saba hufanya mtihani Septemba na kidato cha nne Novemba, kwa hiyo tarehe hizo ziandikwe mapema ili zisije kuwa ugomvi. Wekeni sahihi zenu na mhuri wa mtaa, na nakala ibaki shuleni.

Hatua ya tatu: ilindeni ardhi kabla hamjaipamba

Hapa msiwe na haraka, kwa sababu uwanja uliosawazishwa vizuri ndio unaotamaniwa na mvamizi.

Uvamizi wa eneo la wazi hauanzi na ukuta. Unaanza na meza ya chipsi pembeni. Meza inapata mwavuli, mwavuli unakuwa kibanda cha mabati, kibanda kinakuwa kontena "la muda", na siku moja mnaamka kuna msingi wa tofali za inchi sita. Kila hatua ilionekana ndogo mno kuitia mtu kikao.

Kama mko mjini kwenye eneo lililopimwa, kamati iende ofisi ya mipango miji ya halmashauri na kuomba kuona mchoro wa eneo lenu. Mchoro utaonyesha kama kipande hicho kimetengwa kuwa eneo la wazi, uwanja wa michezo, shule au makazi. Chukueni namba ya mchoro na muiandike kwenye muhtasari wa kikao. Mnapolalamika mkiwa na namba ya mchoro mkononi, mtasikilizwa tofauti na mnapolalamika kwa maneno matupu. Halafu ombeni kwa barua kwamba mipaka ihakikiwe na bikoni, yaani alama za mipaka, zionekane. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 ndiyo inayosimamia matumizi hayo, na kubadilisha matumizi ya eneo kuna utaratibu wake. Haipaswi kuamuliwa na mtu mmoja mezani kwake.

Kama mtaa wenu ulijengwa bila kupimwa, nafasi yenu ni wakati wa urasimishaji, yaani makazi hayo yanapopimwa na kutambuliwa rasmi. Zoezi hilo likija, wananchi hukaa kukubaliana wapi pawe njia na wapi pawe pa jumuiya. Kamati ya michezo na maktaba iwepo tangu kikao cha kwanza. Ramani ikishapitishwa bila uwanja, kuurudisha kutahitaji fidia, na fidia hamna.

Kijijini mna nguvu zaidi kuliko wengi wanavyojua. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inatambua ardhi ya jumuiya, na Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaoidhinisha ardhi ipi iwe ya jumuiya. Uwanja, eneo la maktaba na mti mnaouchezea ngoma viingie kwenye rejista ya ardhi hiyo ya jumuiya na kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi kama kijiji kinao.

Baada ya karatasi, pandeni miti ya kivuli mpakani, mwarobaini au mkungu, kwa mstari ulionyooka unaosomeka kama mpaka. Watu wengi wanakimbilia minyaa kwa sababu inaota haraka. Msipande minyaa mahali pa watoto: utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari kweli. Michongoma nayo inafaa kwa ng'ombe, ila kila mpira utakaotoka nje utarudi umetoboka.

Hatua ya nne: wahini kalenda ya serikali

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, lakini bajeti yake hupikwa miezi mingi kabla. Vipaumbele vinatoka kwenye mikutano ya mitaa na vijiji, vinapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, ile wanayoiita WDC, kisha vinakwenda Baraza la Madiwani. Ukifika ofisini Mei na wazo zuri, utapewa pongezi. Ukifika Oktoba ukiwa na muhtasari wa mkutano, utapewa mstari kwenye bajeti, au angalau hoja yako itaingia kwenye kabrasha la diwani.

Mkutano Mkuu wa Kijiji kisheria unatakiwa kukaa angalau mara moja kila miezi mitatu. Ombeni ajenda yenu iandikwe kwenye tangazo la mkutano, isisubiri "mengineyo", maana mengineyo hufikiwa watu wameshaanza kuondoka. Ajenda yenyewe iwe fupi na yenye vipimo: eneo lipi, la ukubwa gani, wananchi wamechangia nini mpaka sasa, kinachoombwa ni nini.

Halmashauri ina afisa michezo, afisa utamaduni na afisa maendeleo ya jamii. Nendeni kwa wote watatu. Afisa maendeleo ya jamii ndiye atakayewaelekeza namna ya kusajili kikundi, na bila usajili hamtafungua akaunti ya benki. Klabu ya michezo inayotaka kushiriki mashindano rasmi ina usajili wake kupitia Baraza la Michezo la Taifa, na kwa ngazi yenu mlango wake ni afisa michezo.

Kuna pia Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya 2009, ambao kamati yake huongozwa na mbunge. Jina lake linasema wazi unafanya nini: unachochea kilichokwisha kuanza. Mkiomba mabati ya chumba ambacho kuta zake mmeshanyanyua kwa nguvu zenu, mna nafasi. Mkiomba kila kitu tangu msingi, mtawekwa nyuma ya walioanza.

Hatua ya tano: uwanja wenyewe

Pimeni kwanza, msikadirie kwa hatua za miguu. Sheria za mpira wa miguu zinaruhusu urefu wa mita 90 hadi 120 na upana wa mita 45 hadi 90, kwa hiyo uwanja unaoonekana mdogo huenda ni halali kabisa. Uwanja wa mita 100 kwa 64 unakula kama ekari moja na nusu. Mahali hapohapo zinaingia pichi sita za netiboli na nafasi ya kupita katikati yake. Nalisema hili kwa sababu watu wakisikia "hakuna eneo" huwa wanamaanisha hakuna eneo la mpira wa wanaume.

Netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25. Voliboli ni mita 18 kwa 9, na wavu wake hukaa mita 2.43 kwa wanaume na 2.24 kwa wanawake. Ili pembe ziwe sawa, tumieni kamba ya fundi mwashi: mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na mshazari wa kuunganisha ncha hizo utimie mita 5. Mkimaliza kuchora netiboli, vuteni futi ya kupimia kutoka kona hadi kona: mishazari yote miwili isome mita 34.1. Isiposoma hivyo, uwanja umepinda. Nguzo ya pete iwe mita 3.05 kutoka ardhini. Fundi wa kuchomelea atawaambia mita tatu zinatosha, msimkubalie. Binti aliyezoea nguzo fupi ataumbuka kwenye mashindano ya kata.

Kwa uwanja wa mpira, adui mkubwa ni maji. Uwanja ulio bapa kabisa utageuka dimbwi wakati wa masika. Katikati pawe juu kidogo, pateremke taratibu kuelekea kingo. Kwa uwanja wa upana wa mita 60, tofauti ya sentimita 30 kati ya mstari wa katikati na pembeni inatosha, na mchezaji hataihisi. Mtaro upite nje ya mstari, usipite nyuma ya goli, maana kipa ndiye atakayeukumbuka.

Greda ni ghali kukodi. Subirini mkandarasi anayechonga barabara ya kata yenu, mumfuate mkiwa na diwani na mtendaji, mkiwa mmeshang'oa visiki na kuokota chupa. Kazi ya greda kwenye uwanja uliosafishwa ni ya saa chache, na wengi hukubali wakichangiwa dizeli. Tripu za kifusi zimwagwe siku hiyohiyo au kabla yake. Kifusi kikikaa kwenye marundo bila kusambazwa, mtakikuta kwenye vyumba vya watu.

Ukoka pandeni mvua za masika zinapoanza, kwa vipande, na uwanja ufungwe mpaka ushike. Watu watalalamika. Watengeeni pa kuchezea kwa muda, la sivyo watacheza usiku. Kama maji ni ya kununua, achaneni na nyasi. Uwanja wa udongo uliosawazishwa na kufagiliwa mawe ni bora kuliko nyasi zilizokufa na kuacha mashina.

Magoli ya bomba yachimbiwe na kumiminiwa zege. Goli la kuhamishahamisha lifungwe chini kwa vigingi kila linapotumika, na watoto wasilining'inie: goli likimwangukia mtoto linaua. Mistari chorea kwa majivu, kamwe isiwe chokaa, iwe hai au iliyozimwa, maana huunguza ngozi na macho.

Ratiba ndiyo uwanja

Katika nchi yetu giza huingia karibu saa moja usiku mwaka mzima, na kabla ya saa kumi jua ni kali. Kwa hiyo mnachogawana hasa ni saa mbili na ushei kwa siku. Kwa siku sita hizo ni saa kumi na mbili hivi kwa wiki. Timu ya ndondo ikichukua kila jioni, watoto na wasichana wamepata sifuri, hata kama bango la uwanja limeandikwa "wa wote".

Kaeni muigawe wazi na muibandike ukutani. Watoto wa shule wapate saa ya kwanza. Wasichana wapewe siku kamili walizochagua wenyewe, na siku hizo zisihamishwe kwa sababu kuna mechi ya kombe la mbuzi. Klabu za jogging ziachiwe alfajiri ya Jumamosi na Jumapili. Wazee wapewe kipande chenye kivuli na meza ya zege iliyochongwa mashimo ya bao, nje ya ratiba, wakati wowote.

Kwa ligi ya mtaa kuna wazo la kuazima kutoka Nairobi. Mathare Youth Sports Association, iliyoanza 1987, iliweka utaratibu kwamba timu ikifanya usafi wa mtaa inapata pointi kwenye msimamo wa ligi. Mitaro ikazibuliwa na ligi ikapata heshima kwa wazazi waliokuwa wakiiona ya wahuni. Mkilifuata, andikeni kanuni kabla ya mechi ya kwanza: usafi unathibitishwa na nani, na pointi ni ngapi. Vinginevyo bingwa atapatikana kwa rufaa.

Hatua ya sita: maktaba ya chumba kimoja

Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, na Bodi ya Huduma za Maktaba ina matawi mikoani. Mtoto wa Chanika au wa kijiji cha Lushoto hatapanda basi kwenda kuazima hadithi. Chumba kilichopo kwenu, chenye mlango na madirisha mawili, kinaweza kumfaa zaidi.

Kitengesa, wilaya ya Masaka nchini Uganda, maktaba ya jamii ilianza na sanduku la vitabu 1999, na jengo likaja 2002. Wanafunzi wa sekondari ya jirani wakawa wanafanya kazi maktabani kwa zamu na kusaidiwa ada. Napenda mpangilio huo kwa sababu unajibu swali linaloziangusha maktaba nyingi: nani atakaa pale kila siku saa kumi jioni? Kujitolea kunadumu miezi michache. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayesaidiwa ada, akisimamiwa na mtu mzima mmoja, atakuja.

Anzeni na vitabu mia tatu vinavyosomeka. Mkipewa msaada wa maboksi, kuweni na ubavu wa kukataa. Kitabu cha kodi za Marekani cha 1998 na mwongozo wa kompyuta zisizokuwepo tena vinachukua rafu na kumfundisha mtoto kwamba vitabu ni vumbi. Theluthi mbili za rafu ziwe Kiswahili: hadithi za watoto, riwaya, tenzi, kamusi, vitabu vya kilimo na ufugaji, na vya kiada nakala mbilimbili. Hadithi fupi za watoto za Kiswahili zinapatikana bure mtandaoni kwenye African Storybook, zikiwa na ruhusa ya kuchapishwa. Zichapeni, zipigeni pini, zivalisheni jalada la manila.

Msihangaike na mfumo wa namba za maktaba kubwa. Karatasi ya rangi kwenye mgongo wa kitabu inatosha: kijani hadithi za watoto, njano riwaya na mashairi, buluu masomo, nyekundu kisichoazimwa. Daftari la kuazima liwe la kurasa nyingi, lenye jalada gumu, na safu hizi: tarehe, namba ya kitabu, jina la msomaji, simu ya mzazi, tarehe ya kurudisha, sahihi ya kupokea. Nimeona madaftari yasiyo na safu ya mwisho. Kila mtoto anasema amerudisha, na hakuna wa kumbishia.

Faini ya pesa iepukeni. Mtoto akidaiwa shilingi mia tano harudi tena, wala kitabu hakirudi. Akichelewesha, asiazime wiki moja ila aje kusoma palepale. Kitabu kikipotea, mzazi akutane na kamati. Vitabu vichache vitapotea kila mwaka hata mfanyeje, na hiyo ni gharama ya maktaba inayotumika.

Mchwa na unyevu ni wezi wakubwa kuliko watoto. Rafu zikae mbali na ukuta kiasi cha kupitisha mkono. Miguu ya rafu ya mbao isimame ndani ya makopo yenye oili chafu. Pwani, fungueni madirisha kila siku hata kama hakuna msomaji, maana chumba kilichofungwa wiki mbili kitavipa vitabu kuvu. Majalada yavalishwe plastiki kabla ya kuazimwa mara ya kwanza.

Wasomaji wenu wa kwanza pengine hawatafuata vitabu hata kidogo. Watafuata meza na taa. Nyumba nyingi hazina nafasi ya mwanafunzi kujisomea, na karibu na mitihani mtajaziwa chumba. Karibisheni hilo: taa mbili za sola, meza imara, ukimya kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili na nusu usiku. Mtu mzima awepo mpaka wa mwisho atoke, na wasichana wasindikizwe kwa makundi. Jumamosi asubuhi ibaki ya watoto wadogo na bibi au babu mmoja wa kuwasimulia hadithi. Hana haja ya kujua kusoma.

Hatua ya saba: sanaa

Kwenye daftari la hatua ya kwanza mtakuwa tayari na majina: mpiga ngoma, kwaya, wasusi, vijana wa singeli, mchoraji wa mabango. Wapeni mahali pa mazoezi na saa, na onyesho moja kila baada ya miezi mitatu pale pale uwanjani. Sherehe kubwa ya mara moja kwa mwaka inamaliza pesa na kuacha madeni ya spika.

Kabla ya kupanga ngoma, kaeni na wazee na makungwi. Kuna nyimbo na michezo ya unyago na jando ambayo haichezwi mbele ya kila mtu, na kijana wa kamati mwenye simu ya kurekodi huenda halijui hilo. Waulizeni kipi kinafaa jukwaani na kipi kibaki ndani. Wakishaona mmeuliza, wao wenyewe watawaletea vingi msivyovijua.

Taratibu za vibali pitieni kwa afisa utamaduni. Wasanii na vikundi husajiliwa na BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, muziki uliorekodiwa una haki zake zinazosimamiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na polisi wajulishwe mapema kwa mkusanyiko. Spika zielekezwe mbali na zahanati na nyumba za ibada, na muda wa kuzima uandikwe kwenye tangazo lenyewe.

Pesa

Fungueni akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu. Kila mchango utolewe stakabadhi, na kila mwezi karatasi moja ya mapato na matumizi ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Vyanzo vya kawaida vinatosha kuendesha: kiingilio cha timu kwenye ligi, ada ya mabonanza ya ofisi na viwanda, kodi ya wauza maji na juisi siku za mechi, mchango wa wafanyabiashara wa mtaa. Watoto na wasomaji wasitozwe.

Msimu wa uchaguzi mtaletewa jezi na mipira. Pokeeni, ila zipokelewe na kamati mbele ya watu na kuandikwa kwenye daftari la mali, bila ahadi ya kura na bila kubadilisha jina la uwanja. Mkiulizwa mnahitaji nini, msiseme jezi, zitapatikana tu. Semeni matundu mawili ya choo na bomba la maji. Pasipo na choo, akina mama na mabinti huondoka mapema, hata ratiba iwe nzuri vipi.

Usalama wa watoto

Mtoto asibaki peke yake na mtu mzima mmoja, iwe chumbani, garini au safarini kwenda mechi. Wawe wawili. Kila kocha na msimamizi ajulikane kwao na nani anamdhamini. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo kuipiga ni bure, iandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa maktaba na wa uwanja, mahali mtoto mfupi anaweza kuisoma.

Kukabidhiana

Viongozi hubadilika, vijana huoa na kuhama, mwalimu mkuu aliyekubali huhamishwa na anayekuja hajui lolote. Kila Januari, shule ikifunguliwa, nendeni tena kwa mwalimu mkuu na ule ukurasa mmoja, msainiane upya hata kama ni yuleyule. Baada ya kila uchaguzi wa serikali za mitaa, mwenyekiti mpya akabidhiwe faili katika mkutano wa hadhara: nakala ya mchoro wa eneo, mihtasari, makubaliano ya shule, daftari la mali, ratiba. Faili la pili likae kwa mtendaji wa kata, la tatu kwa katibu wa kamati. Mapicha ya simu yapigwe pia, ya kurasa zote na ya kila bikoni, huku mtu amesimama pembeni yake ili eneo litambulike kichaka kikishaota.